Cherehani Isiyo na Uzi

Kondakta aliuliza mara mbili, na mara zote mbili msichana yule alitazama dirishani.

Tulikuwa ndani ya daladala itokayo Buguruni kwenda Gongo la Mboto, saa kumi na moja jioni, siku ambayo magari yalikuwa yamesimama tangu Tazara. Mwanamke aliyekaa kiti kilichokuwa mbele yangu alikuwa akizungumza kwa sauti ya chini na mtu asiyekuwapo, mara akimsihi, mara akimkatalia, kisha akavua ndala zake na kuziweka taratibu juu ya mapaja ya abiria wa pembeni, kama mtu anayekabidhi amana. Abiria yule akapiga kelele. Watu wakacheka, na mmoja wao akatoa simu ili arekodi.

"Huyu mama kaja na nani?" kondakta aliuliza.

Aliyeketi upande wa dirisha alikuwa msichana wa miaka kama 14, amevaa sketi ya shule ya kijani iliyofifia, na kwapani amebana bahasha ya kaki ya aina ambayo wagonjwa huhifadhia kadi za kliniki. Alipoulizwa mara ya pili alijibu bila kugeuza uso.

"Simjui."

Mimi nilikuwa nimesimama, nimeshika bomba la juu, kwa hiyo niliona ambacho kondakta hakukiona. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimezungushiwa pindo la kanga ya yule mwanamke, mara mbili, na kukazwa, jinsi mzazi anavyomshika mtoto mdogo sokoni ili asipotelee kwenye msongamano.

Niliteremka kituo cha Banana bila kusema neno. Ni wiki ya saba sasa, na bado vidole vile havijaniachia.

Fundi wetu

Nilijua jibu la msichana yule kabla hajalitamka, kwa sababu mwaka 2004, nikiwa Kidato cha Pili mjini Korogwe, niliwahi kulitoa la kwangu.

Mama yangu alikuwa fundi cherehani. Alishona sare za shule, magauni ya komunyo na vitenge vya harusi, na watu walitoka hadi Mombo kumletea vitambaa kwa sababu mkono wake ulikuwa safi. Siku moja, saa ya mapumziko, alifika shuleni kwetu akiwa pekupeku, amebeba kichwani furushi la vitambaa vya wateja, akimtafuta mwalimu mkuu ili amkabidhi vitu hivyo kabla watu fulani hawajavichukua. Alisimama katikati ya uwanja akaliita jina langu. Wasichana niliokuwa nimekaa nao chini ya mwembe wakaniuliza ni nani yule.

"Ni fundi wetu," nilisema.

Halikuwa neno la uongo. Sare niliyokuwa nimevaa aliishona yeye, pamoja na mifuko miwili ya siri aliyoitia kiunoni kwa sababu alijua napoteza hela. Lakini sauti niliyoitumia ilikuwa ya mtu anayemtaja mpita njia, na nilipoinuka kwenda kumshika mkono nilihakikisha natembea polepole, ili ionekane kwamba namsaidia kwa huruma tu.

Ninapoitafuta siku upweke wangu ulipoanza, siku zote nafika kwenye mwembe ule. Kabla yake mama alikuwa amekwisha kuugua kwa zaidi ya mwaka, na nyumba yetu ilikuwa imekwisha kubadilika. Lakini hadi asubuhi ile ilikuwa bado inawezekana nikamwambia mtu. Baada ya kusema "fundi wetu" haikuwezekana tena, kwa sababu kila ambacho ningesema kingeanza na kukiri kwamba nilimkana mama yangu mbele ya watu.

Hivyo nikaanza kuilinda siri ile kama walinzi wanavyolinda ghala. Jumamosi wasichana wa mtaani kwetu walikaa barazani kusukana, nami nikaacha kwenda, kwa kuwa kusukwa kunahitaji mtu akae muda mrefu kati ya magoti ya mwenzake, na mwenye magoti hayo lazima aulize habari za nyumbani. Nikanyoa nywele, nikasema nazipenda fupi.

Sauti ya usiku

Cherehani ya kukanyaga ina sauti mbili, na mtoto wa fundi huzitofautisha hata akiwa usingizini. Ikiwa na uzi na kitambaa, sauti yake ni nzito kidogo, na husita kila fundi anapogeuza kona. Ikiwa haina uzi, sindano hushuka na kupanda kwa sauti nyepesi na kavu isiyosita popote, kwa sababu hakuna kona ya kugeuza.

Mama alipozidiwa alishona bila uzi. Alianza baada ya saa sita usiku, taa ikiwa imeshushwa utambi, akikanyaga hadi adhana ya alfajiri, na asubuhi niliokota mezani vitambaa vilivyojaa vitobo vilivyopangwa kwa mistari iliyonyooka kabisa, pindo kwa pindo, shingo na mikono, nguo nzima iliyoshonwa kwa matundu. Niliinua kitenge kimoja kuelekea dirishani, mwanga ukapenya kwenye kila tundu, nami nikaiona ramani ya gauni ambalo halikuwapo.

Kitenge kile kilikuwa cha mteja, sare ya harusi ya mdogo wake, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Nilikwenda kwa mteja yule nikamwambia kwamba panya wameingia. Nikamwambia mwingine kwamba cherehani imekatika mkanda, mwingine kwamba mama amekwenda msibani Lushoto, na niliandika uongo wote nyuma ya daftari la Jiografia ili nisijichanganye. Watu hawakuamini sana. Wateja walipungua mmoja mmoja bila kugombana nasi, wakituonea haya kuliko tulivyowaonea, na hela ya matumizi ikapungua pamoja nao. Baba alikuwa ameondoka muda mrefu, na hana nafasi katika habari hii.

Mtaani kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wapo waliosema amerogwa na fundi mwenzake aliyemwonea wivu, wapo waliosema ana majini ya ukoo, na wapo waliosema kwa sauti ya chini kwamba apelekwe Lutindi, kule mlimani, ambako tangu enzi za Wajerumani wagonjwa wa akili wamekuwa wakitunzwa. Nilikuja kusoma nikiwa mtu mzima kwamba wamisionari walipoijenga nyumba ile mwaka 1896, haikuwa ya wagonjwa wa akili hata kidogo; ilikuwa ya watoto waliookolewa kutoka utumwani, na wagonjwa walikuja baadaye. Huwa naufikiria sana mpangilio huo, kwamba mahali palipokuja kuwa pa wazazi kama mama yangu paliwahi kuwa pa watoto.

Uji

Sehemu hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi kuliko nyingine zote.

Mama alipopelekwa kliniki kwa mara ya kwanza alipewa vidonge vya klopromazini. Dawa hiyo ilianza kutumiwa kwa wagonjwa wa akili jijini Paris mwaka 1952, na wodi nyingi duniani zilizokuwa za minyororo na vilio zilibadilika kwa sababu yake. Ndani ya nyumba yetu ilikuwa mfuko mdogo wa karatasi juu ya kabati, ambao mama aliupita kila siku kama mtu anavyompita mbwa wa jirani. Alisema vidonge vile vimewekwa na watu. Alisema wapo wanaomtilia vitu ili wamwondolee akili na kumchukulia cherehani yake.

Usiku mmoja nilizinduka nikakuta kimya, na kimya kilikuwa kibaya kuliko cherehani. Nilimkuta saa tisa usiku amekaa katikati ya barabara kuu, ile ya mabasi ya Arusha, akiwa amejifunika kitambaa cheupe cha mteja. Lori lilikuwa limesimama hatua chache mbele yake na dereva analia. Sijawahi kumsahau mwanamume yule aliyekuwa ameshika usukani akilia kwa sauti, huku mimi, nikiwa na miaka 15, nikimwambia, "Samahani, kaka, tunaondoka."

Mama mdogo alikuja kutoka Tanga, akakaa siku mbili. Alikuwa na watoto wake na kazi yake, na simlaumu. Alipokuwa anafunga mkoba wake aliniambia, "Msagie kwenye uji. Hatajua."

Nilisaga. Nilitumia kitako cha chupa ya soda juu ya sahani iliyopinduliwa, na kwa kuwa unga ule ni mchungu nilizidisha sukari na kukamua ndimu. Nilisimama mlangoni nikimtazama akinywa. Baada ya siku kama kumi mama alianza kulala usiku. Wiki ya tatu aliniuliza kama nimefanya kazi za shule, swali ambalo nilikuwa sijalisikia kwa miezi, nikaenda kulia chooni kwa furaha.

Kisha asubuhi moja aliosha kikombe chake mwenyewe. Chini kabisa kulikuwa na maganda madogo ya rangi, yale yanayofunika kidonge, ambayo sikuwa nimeyachuja vizuri. Aliyatazama kwa muda mrefu. Nilitegemea apige kelele, avunje kikombe, anipige hata. Hakufanya lolote kati ya hayo.

"Hata wewe?" alisema.

Tangu siku hiyo, kwa miezi minne, hakula chochote kilichopita mikononi mwangu. Alikula mayai ya kuchemsha aliyomenya mwenyewe na ndizi ambazo maganda yake hayajapasuka, akizigeuza mwangani kwanza ili kuzikagua. Alikonda mpaka pete ikawa inamvuka. Nilipika kila siku, nikapakua sahani mbili kila siku, na kila siku nilikula ya kwangu mbele ya ya kwake inayopoa.

Jambo ninaloshindwa kulimaliza ni hili. Ugonjwa ulimwambia mama kwamba kuna mtu wa karibu anayemtilia kitu chakulani, nasi sote tukasema huo ni wazimu. Kumbe mtu huyo alikuwapo, alisimama mlangoni na kuhesabu mafunda. Nilikuwa nimeupatia ugonjwa shahidi. Kila daktari aliyekuja kumwambia baadaye kwamba hakuna anayemdhuru alikuwa anashindana na kikombe kile, na mama alikuwa na ushahidi kuliko daktari.

Lakini pia kulikuwa na lori.

Nimejiuliza kwa miaka zaidi ya 20 kama ningefanya tena, na kuna siku nasema ndiyo na kuna siku nasema hapana, nami sidhani kama umri utanisaidia kuchagua. Ninachokijua ni kwamba uamuzi ule haukuwa wa kuachiwa mtoto pamoja na maelezo ya sentensi mbili wakati mkoba unafungwa. Mtu mzima angeweza kukosea kama mimi, ila angekuwa amekosea akiwa na mtu wa kumuuliza.

Hongera

Wapo waliojua. Hilo nililigundua polepole, kwamba siri niliyoilinda kwa nguvu zangu zote ilikuwa inajulikana na nusu ya mtaa, na kwamba wenye kujua walikuwa wamechagua njia moja ya kunihudumia, nayo ni kunisifu.

Jirani aliniambia kwamba mimi ni binti wa kupigiwa mfano. Kliniki walisema mama ana bahati kuzaa mtoto wa aina yangu. Mwalimu wa darasa, ambaye hadi leo naamini alinipenda, alinisimamisha mbele ya mstarini bila kutaja ugonjwa, akawaambia wanafunzi wenzangu waige mfano wa msichana anayelea nyumba huku anasoma. Walipiga makofi. Nilirudi kwenye mstari nikiwa na uso wa mtu aliyepewa zawadi.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, na pengine ndiyo maana ilinichukua miaka mingi kuona kilichotokea. Kila sifa ilikuwa inanipandisha ngazi moja, na kila ngazi iliniweka mbali zaidi na mahali ambapo mtoto anaweza kusema, "Nimechoka, siwezi." Mtu aliyepigiwa makofi kwa kubeba mzigo hawezi kuutua hapohapo mbele ya waliompigia makofi. Nilianza hata kuuogopa uponyaji wa mama, jambo ambalo ni aibu kuliandika, kwa sababu sikujua ningekuwa nani siku ambayo hangehitaji kulelewa.

Yatima ana jina katika lugha yetu, na jina hilo humfungulia milango: watu huuliza yatima anasomeshwa na nani, anakula wapi, ana nguo za sikukuu. Mtoto ambaye mzazi wake yupo, anapumua, amekaa mezani, ila ameshikwa na maradhi yanayomfanya asimtambue mwanawe kama rafiki, hana jina. Anaitwa binti mwenye akili. Na binti mwenye akili haulizwi kama amekula.

Sindano ya mwezi

Aliyeivunja hali ile hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuwa muuguzi wa makamo aliyehamia kliniki yetu mwaka uliofuata, ambaye kabla ya kumuuliza mama lolote alimshika mikono, akaigeuza viganja juu, akaitazama inavyotetemeka.

"Dada, wewe unafanya kazi gani?" alimuuliza.

"Nilikuwa fundi."

Muuguzi akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya mtu anayejisemea, "Basi ndiyo maana."

Katika miaka miwili ya kwenda na kurudi hakuna aliyekuwa ameliona hilo, mimi nikiwa wa kwanza. Dawa za zamani za maradhi haya zina kawaida ya kukaza misuli na kuleta mtetemeko, na kwa mtu mwingine pengine hilo ni kero ya kuvumilika. Kwa mtu ambaye maisha yake yote yamepita akiingiza uzi kwenye tundu la sindano, ni kama kumkata vidole. Mama alipokunywa vidonge, hata vile vichache vya mwanzo, sauti alizozisikia peke yake zilipungua lakini uzi haukuingia. Alipoviacha, uzi uliingia na sauti zilirudi. Sisi tuliona mgonjwa anayekataa dawa. Hatukuuona mzani aliokuwa ameushika.

Muuguzi yule alizungumza na daktari. Mama akapewa vidonge vidogo vya kupunguza mtetemeko, akaanzishiwa ile dawa ya sindano inayokaa mwilini kwa wiki kadhaa, ambayo kila mtu kliniki huiita sindano ya mwezi. Alielezwa yeye mwenyewe, kwa jina lake, inaingia nini na kwa sababu gani, na aliruhusiwa kukataa siku ya kwanza. Siku ya kwanza alikataa kweli. Wiki iliyofuata alirudi kwa miguu yake.

Faida ya sindano ile kwangu ilikuwa kubwa kuliko niwezavyo kueleza. Tangu hapo hapakuwa na kidonge kati yangu na mama. Sikuwa tena mtu wa kukagua chini ya ulimi. Mei mwaka ule nilipakua sahani mbili kama kawaida, nikakaa, na mama akavuta ya kwake akala ugali na mchicha bila kuukagua. Sikusema kitu. Niliogopa hata kutafuna kwa sauti.

Hakupona kabisa, na msomaji asidhani kwamba naelezea muujiza. Ameugua tena mara tatu tangu wakati ule, na mara moja alilazwa muda mrefu. Skizofrenia, maradhi ya akili aliyo nayo mama, ni ya muda mrefu, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mtu mmoja kati ya kila 300 hadi 350 anaishi nayo. Kwa hesabu hiyo, katika kila shule kubwa ya sekondari si ajabu kumpata mtoto anayejua sauti mbili za cherehani, au chochote ambacho nyumbani kwao kinashika nafasi ya cherehani.

Mmoja kati ya kumi

Nilipofika chuo nilisoma kwamba mtoto wa mzazi mwenye skizofrenia ana uwezekano wa takriban asilimia 10 wa kuipata wakati fulani maishani, ilhali kwa watu kwa jumla ni kama asilimia moja. Nilikuwa na miaka 21. Kuanzia siku hiyo, kwa miaka mingi, nililala huku nimejitega sikio.

Mtu akiniita koridoni nami nikageuka nisimwone, moyo ulisimama. Nikisahau funguo nilijiuliza kama ndivyo inavyoanza. Mwanamume aliyetaka kunioa nilimkwepa mwaka mzima bila kumwambia sababu, na nilipomwambia alinyamaza kisha akasema kwamba kumi kutoka mia kunabaki tisini. Ni hesabu ya darasa la tatu, na nilikuwa sijaifanya hata siku moja. Upweke una tabia hiyo: unamfanya mtu abaki na nusu moja ya hesabu kwa sababu hakuna wa kumsomea nusu ya pili.

Umri na uwezo

Baada ya siku ile ya daladala nilitafuta Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ule wa mwaka 1990, kwa sababu nilikumbuka kwamba, tofauti na mkataba wa Umoja wa Mataifa, huu wetu unampa mtoto wajibu pia. Ibara ya 31 inasema mtoto ana wajibu wa kuufanyia kazi mshikamano wa familia, kuwaheshimu wazazi na wakubwa wake nyakati zote, na kuwasaidia wanapohitaji. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 imelibeba wazo hilohilo.

Niliposoma nilihisi hasira kwanza. Kisha nikarudi mwanzo wa ibara, nikaona maneno niliyokuwa nimeyaruka: wajibu huo unategemea umri na uwezo wa mtoto.

Sitaki kuishi katika nchi ambayo mtoto hamsaidii mzazi wake mgonjwa. Nililelewa nikiamini kwamba mama ni wa kubebwa, na bado naamini hivyo, na naona ubaridi fulani katika maandiko ya mbali yanayozungumza kana kwamba binti wa miaka 15 angepaswa kukaa chumbani na kuachia wataalamu. Wataalamu gani, na wako wapi saa tisa usiku? Lakini umri na uwezo ni vitu vinavyopimika. Fundi hakati kitambaa kabla hajazungusha futi kiunoni, na mama aliniambia mara nyingi kwamba kosa la kipimo haliponywi na ushonaji mzuri. Katika miaka ile yote ya kliniki, mtaa na shule, ambapo kila mtu alinitazama na kunisifia, sikumbuki aliyenipima. Swali moja lingetosha, kama vile nalala saa ngapi, au nani anakaa na mama nikienda shule, au hicho kilichomo kwenye uji kimewekwa na nani.

Leo ipo namba ya simu ya bure ya kumhudumia mtoto, 116, na nafurahi kwamba ipo. Nimejaribu kujiwazia nikiipiga wakati ule, nimesimama kwenye kibanda cha simu, na sijui ningeanza na neno gani. Ningehitaji kwanza mtu aliyekwisha kuniambia kwamba yale yaliyokuwa nyumbani kwetu yanatamkika.

Korogwe

Wiki mbili zilizopita nilisafiri kwenda kwa mama. Anaishi na mpwa wake, na bado anashona kidogo, mapindo ya mashuka na foronya, asubuhi tu kabla macho hayajachoka. Nilikwenda nikiwa nimejiapiza kwamba nitamuuliza habari za uji.

Nilimuuliza jioni, tukiwa tunachambua mchele. Alinyamaza kwa muda mrefu, akatoa jiwe moja, akaliweka pembeni, akasema, "Hayo tuyaache, mwanangu." Nikayaacha. Sikupata msamaha wala lawama, na nilirudi kwenye mchele kama mtu aliyefika ofisini akaambiwa aje siku nyingine.

Kisha, bila kuulizwa, alisema jambo jingine.

"Zile usiku ulikuwa hulali," alisema. "Nilikuwa nakusikia. Unageuka, unageuka. Ukakonda. Nikajua wamekuja kwa ajili yako."

"Kina nani, mama?"

"Wale." Alisema kwa utulivu, kama anavyowataja wapangaji waliokwisha kuhama. "Wakisikia cherehani hawaingii. Ndiyo maana nilikuwa nakanyaga mpaka asubuhi. Uzi ningetoa wapi wa usiku kucha?"

Nilikuwa nimelala upande wa pili wa ukuta ule kwa miaka miwili, nikihesabu sauti ile, nikiamini kwamba mimi ndiye ninayemlinda.

Sikuwa na la kujibu. Mama alipeta mchele mara moja, mara mbili, akapuliza makapi, akaniambia niinuke nimtafutie sindano namba 14 na uzi mweupe, kwa sababu kuna foronya ya jirani ameahidi kuimaliza kesho. Nililamba ncha ya uzi nikaipitisha tunduni mara ya kwanza, nikamwachia uzi mrefu kuliko kawaida.

Tangu nirudi Dar es Salaam nimekuwa nikipanda daladala za Gongo la Mboto saa kumi na moja, hata siku ambazo njia nyingine ingenifikisha mapema. Nasimama karibu na mlango ili nione wanaoingia. Sketi za kijani ni nyingi. Bado sijamwona.

Nimeshaamua kwamba sitamuuliza msichana yule, "Mama huyu ni nani wako?" Nitakaa kiti cha jirani, kama kipo, na kumshikia ile bahasha, ili mkono mmoja upumzike.